Mji Nilioutoa kwa Kitendawili

Usiku wa jana niliota korongo mwekundu amesimama juu ya mtungi wangu wa maji, mguu mmoja kaukunja, ananiuliza kama nina ukungu.

"Ukungu tunao, mwanangu," nikamwambia. "Hapa Lushoto ukungu hauombwi, unafukuzwa."

"Mwingi?"

"Nguo niliyoifua Jumatatu naivaa Ijumaa, na bado inanililia mgongoni."

Korongo akatikisa kichwa kwa adabu, kama mgonjwa aliyeambiwa dawa ipo.

Lakini ngojeni kwanza niwaeleze nililala vipi, maana mtu huota kutokana na alivyolala. Mume wangu, Mzee Shechambo, anaumwa kifua tangu baridi ya mwaka huu ilipoanza. Alikuwa fundi rangi. Nusu ya kuta za mji huu kazipaka yeye, na maisha yake yote adui yake alikuwa unyevu. Na tangu aliponioa alikuwa akikoroma kama mashine ya kusaga. Nilimshitaki kwa mama yangu, nikamshitaki kwa mama yake, wote wakacheka. Sasa kifua kimembana, hakoromi tena. Anapumua polepole mno, husikii kitu. Basi naweka kiganja puani mwake, nangoja. Hewa ikija nashukuru, najiegesha kidogo, halafu naamka tena kuweka kiganja. Usingizi wangu siku hizi ni vipande vipande, kama muhogo wa kukaanga.

Na kando ya kitanda kuna sanduku jekundu. Aliniletea mjukuu wetu, Hidaya, aliyekwenda China kusoma akarudi. Ni la kuigiza yale waliyokuwa wakitengenezewa wafalme wa huko. Hidaya alinikalisha akanieleza: "Bibi, hii si rangi ya dukani, ni utomvu wa mti. Wanapiga mkono mmoja, yaani wanapaka mara moja, wanangoja ukauke, wanapiga mwingine juu yake, na mwingine, mpaka utomvu unakuwa mnene kama ubao. Ndipo wanachonga." Juu ya kifuniko wamechonga mzee mwenye paji kubwa la uso, kashika tunda la pichi. Kuna makorongo, misonobari, uyoga. Hidaya anasema kila kimoja hapo maana yake ni kutokufa. "Na utomvu wenyewe, Bibi, haukauki juani. Unakauka kwenye unyevu."

Mzee Shechambo akasema toka chini ya mablanketi, "Rangi inayokauka kwenye unyevu! Na mimi nimehangaika hapa Lushoto miaka yote hiyo bila kuambiwa!" Akakohoa mpaka jioni.

Mimi sipendi chombo kikae bure. Nikalijaza sanduku vifungo, sindano, na funguo za makufuli yaliyokwisha potea.

Haya, sasa turudi kwa korongo.

"Twende," anasema.

"Siendi popote, nina mgonjwa."

"Si mbali. Ni hapo tu, juu ya kifuniko."

Nageuka kukitazama kifuniko, nakikuta kimekuwa kipana kama uwanja wa gulio. Na mimi tayari nimesimama juu yake miguu mitupu, kanga ya kulalia kiunoni.

"Angalia unapokanyaga," anasema korongo. "Palipochongwa vimaua ni ardhi. Palipochongwa mawimbi ni maji. Palipochongwa vijiti vilivyopindana ni anga."

Nakanyaga mawimbi. Ni magumu kama mbao, lakini nalowa mpaka magotini. Naruka pembeni, kisigino kinagusa vijiti vilivyopindana, naanza kuanguka. Korongo ananidaka kwa ukosi na kuniweka kwenye vimaua, wala haoni ajabu.

Mbele yetu pana mistari mitatu imelala, mmoja juu ya mwingine, mirefu kama ukuta wa shule. Miwili ni mizima. Mmoja umekatika katikati.

"Mstari mzima ni ukuta," anasema korongo. "Uliokatika ni mlango."

"Kwetu huo tunauita ufa. Na tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Hapa ukiziba ufa hutoki," anasema, na tunapita.

Ndani ni karakana. Masanduku yamepangwa kwenye rafu mpaka juu kusikoonekana, yote mekundu, yote mabichi. Mafundi wameketi wakiyatazama kama watu wanaongojea maji ya chai yachemke. Katikati anazunguka Mfalme, kavaa joho la manjano. Hatulii. Anakwenda kwenye sanduku hili, analigusa kwa kidole.

"Limekauka?"

"Bado, Mtukufu."

Anakwenda kwenye la pili.

"Limekauka?"

"Bado, Mtukufu."

Vidole vyake vyote kumi ni vyekundu, na joho lina alama za vidole kila mahali, hata mgongoni, pale ambapo mkono wa mtu haufiki.

Namwuliza korongo ana nini bwana yule. Korongo ananijibu kwa sauti ya chini, "Kila mkono wa utomvu ni mwaka mmoja wa kuishi. Yeye anaitaka yote. Lakini mji wake ni mkavu kama chaki, na utomvu bila unyevu haukubali kukauka. Tangu jana anangoja mwaka wake wa kwanza."

"Jana ya lini?"

"Jana ile ya kwanza."

Hapo ukaingia upara. Kwanza lilifika paji la uso, refu kama papai, kisha nyuma yake akafuata mzee mwenyewe na fimbo yake, pichi mkononi. Nikamjua, ndiye yule wa kwenye kifuniko. Nikamwamkia. Mimi ni bibi, ndiyo, lakini paji lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

Binti! Nani ameniita binti tangu nilipoota mvi? Nilitabasamu mpaka masikioni, na hapo ndipo akili iliponitoka.

"Tumesikia unapenda vitendawili," akasema Mzee wa Paji.

"Nani amesema?"

"Mimi," likasema sanduku langu. Kumbe lilikuwa limetufuata. Lilisema kwa shida, kama mtu mwenye mdomo uliojaa viazi, maana lilikuwa limejaa vifungo.

"Kitendawili!" akasema Mzee wa Paji.

"Tega!" nikaitika. Sikufikiri. Mtu akisema kitendawili, ulimi unaitika tega wenyewe, ndivyo tulivyolelewa.

"Nina nyumba. Kilichomo hakinifai. Kisichokuwamo ndicho kinachonifaa."

"Tumbo la mwenye njaa."

"Sivyo."

"Shule wakati wa likizo."

"Sivyo."

"Jaribu tena, Bibi," likasema sanduku langu, likakohoa kifungo kimoja. "Uko karibu. Umeniegemea."

Nikajaribu kaburi, nikajaribu ngoma, nikajaribu kichwa cha shemeji yangu mmoja. Sivyo, sivyo, sivyo.

"Umeshindwa," akasema Mzee wa Paji. "Nipe mji."

"Chukua Lushoto," nikasema.

Wajukuu zangu, msinicheke. Toka utotoni nimekuwa nikitoa Lushoto. Ukishindwa kitendawili unatoa mji, na mji unaotoka mdomoni kwanza ni wa kwenu. Tumeshatoa Lushoto, tumetoa Korogwe, tumetoa Tanga yote na reli yake, na Dar es Salaam tumeitoa mara nyingi wala haijapungua hata taa moja. Asubuhi tunaamka, miji iko palepale.

Mafundi wote wakasimama, wakainama.

"Nimekwenda Lushoto," akasema Mzee wa Paji kama ilivyo desturi. Na alipokuwa akisema alikuwa amekwenda kweli na amerudi, paji lina umande. "Nimekwenda Lushoto, nimekula pichi, nimeketi kibarazani, watu wamenisalimu vizuri sana. Jibu ni utupu. Bakuli lingekuwa limejaa udongo, ungekula wapi? Chombo hutumika kwa ule utupu wake."

"Ndilo ninalolisema tangu niletwe," likasema sanduku.

Naangalia nyuma yake. Lushoto inaingia. Wameikunja kama shuka. Barabara ya kutoka Mombo wameizungusha na kona zake zote, kama kamba ya mbuzi. Soko limebebwa na watu wawili, mama mmoja wa kabichi bado anamwita mteja. Ukungu wameutia kwenye magunia na kushona midomo. Wanamwaga vifungo vyangu sakafuni, wanaanza kuupakia mji sandukuni. Naliona bati la nyumba yangu linapita. Dirishani namwona Mzee Shechambo amelala, kidole gumba cha mguu kimetoka nje ya blanketi kama kawaida yake. Miaka yote namwambia aingize kidole ndani, anasema kidole hicho kinahitaji hewa.

"Simameni!" napiga kelele. "Humo ndani mna mgonjwa!"

"Hatakufa," anasema Mzee wa Paji kwa upole. "Tukishapiga mikono yote, hatakufa kamwe. Si ndicho ulichokuwa ukikiomba kila unapoweka kiganja?"

Ndicho nilichokuwa nikikiomba.

"Atapona kifua?"

"Atabaki kama alivyo."

"Akikohoa?"

"Milele. Lakini bila sauti. Kitu kilichochongwa hakitoi sauti."

"Na mimi nitaingia saa ngapi?"

Mzee wa Paji akanitazama kwa huruma. "Binti, wewe ndiye uliyeutoa mji. Aliyeutoa hana tena pa kukaa ndani yake."

Huku nyuma fundi mmoja amepasua gunia la ukungu. Karakana inajaa ule ubaridi wangu wa asubuhi. Mfalme anagusa sanduku.

"Limekauka?"

"Linaanza, Mtukufu!"

Mfalme anaketi. Korongo ananong'ona kwamba hajawahi kumwona akiketi. Mafundi wanachovya brashi za nywele, wanaliendea sanduku lenye mji wangu, na miguu yangu haijui iende wapi, kwenye vimaua, kwenye mawimbi, kwenye vimaua tena.

"Kitendawili!" nikasema kwa nguvu.

Brashi zikasimama hewani. Mzee wa Paji akafumba macho kama mtu aliyekanyaga mwiba. Lakini hata asiyekufa hana ujanja hapo.

"Tega," akasema.

Ole wangu, sikuwa nimeandaa. Nikatoa kilichokuwa karibu.

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai," akasema korongo. Aliumia. "Unamwuliza ndege?"

"Hicho kilikuwa cha kupashia moto," nikasema. "Kinakuja chenyewe. Kitendawili!"

"Tega."

Nikalitazama lile dirisha dogo ndani ya sanduku. Kidole kilikuwa nje. Kimya. Nikasema:

"Kikiwepo, silali. Kisipokuwepo, silali kabisa."

Wakafikiri. Uyoga uliochongwa ukutani ukafikiri, misonobari ikafikiri.

"Dawa ya kutokufa," akasema Mfalme.

"Hicho ni cha kwako, baba. Cha kwangu sicho."

"Mwezi mpevu," akasema korongo.

"Sivyo."

"Utupu," akasema Mzee wa Paji.

"Utupu umeshautumia. Usirudie mboga."

Akaegemea fimbo yake. Jasho likaanza safari ndefu juu ya lile paji. "Kinakaa wapi?"

"Kitandani, upande wa ukutani."

"Kunguni?"

"Nyumbani kwangu?" nikasema. "Nenda ukarudi tena Lushoto ukaulize kama kwangu kuna kunguni! Hebu niwaulize mimi. Ninyi mnalala?"

"Hatulali."

"Mmeoa?"

Wakatazamana. "Tunaruka," akasema korongo.

"Basi hamtakipata hata mkikaa mpaka kesho ya mwisho. Nipeni mji!"

Mfalme akaruka toka kitini. "Mpeni wa kwangu! Mpeni mji wangu, mapaa ya manjano, kuta ndani ya kuta, bustani na samaki wake. Mpeni wote!" Mjanja yule. Alitaka kunipa ule mkavu, abaki na wenye ukungu.

Lakini mimi si mgeni katika mchezo huu. Kwetu mtegaji anaweza kuukataa mji. Watoto wakipewa Mombo wanakataa, wanataka Tanga.

"Siutaki," nikasema. "Nipe mwingine."

"Hakuna mkubwa kuliko huo duniani!"

"Nipe Lushoto."

"Huo ni mdogo."

"Mdogo, lakini una mtu."

Mfalme akanyoosha kidole, akagusa sanduku la karibu, akakitazama kidole chake chekundu. Nikamwonea huruma jamani. Mtu mzima, hajalala tangu jana ya kwanza.

"Mwanangu," nikamwambia, "nakujua. Wewe kila mara unatia kidole kuona kama limekauka, na mimi kila mara natia kiganja kuona kama pumzi ipo. Sisi wawili hatuna tofauti. Hebu kaa, wakuletee uji."

"Nikikupa, halitakauka."

"Halitakauka."

Akakaa. Muda mrefu akawa anapangusa vidole kwenye joho. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto aliyeshindwa, "Haya. Chukua Lushoto."

Nikasema harakaharaka kabla hajageuza. "Nimekwenda Lushoto, nimeingia kwangu, nimemkuta mume wangu. Jibu ni mkoromo wa mume!"

"Mkoromo ni nini?" akauliza Mzee wa Paji.

"Ni sauti kama ya kusaga mahindi," likasema sanduku langu. "Niliusikia siku za mwanzo nilipoletwa. Halafu ukakoma, na bibi huyu akaanza kuamka ovyo."

Tayari barabara inakunjuka, kona moja baada ya nyingine. Soko linarudi, mama wa kabichi amepata mteja. Nakimbia kuelekea kwenye ule mstari uliokatika, na Mzee wa Paji anakuja pembeni yangu bila kukimbia, paji likiwa mbele.

"Binti, kuna jambo. Mkono mmoja walikuwa wameshaupiga ulipotega. Hatuwezi kuutoa. Utomvu umeshika pale palipokuwa pamejitokeza."

"Mkono mmoja si ni mwaka mmoja?"

"Ni mwaka mmoja."

"Na ukiisha?"

Akaligeuza pichi lake mkononi, akaliangalia upande huu na upande ule.

"Kitendawili," akasema.

Nikauma ulimi wangu kwa meno. Sikusema tega. Nikapita kwenye ufa.

Nilipozinduka palikuwa panapambazuka, na nyumba ilikuwa inatetemeka. Kwanza nilidhani ni lori. Kisha nikadhani mashine ya kusaga imefunguliwa mapema. Ilikuwa pua ya Mzee Shechambo. Anakoroma, nawaambia! Anavuta, anakwama, anaachia, kama zamani, mpaka kikombe kwenye meza kinagongana na kijiko chake. Nikakaa kitandani nikiusikiliza mkoromo ule kama watu wanavyosikiliza kaswida.

Hidaya akaingia na bakuli la uji. "Bibi, Babu anakoroma! Sasa unalia nini?"

"Ananinyima usingizi," nikamwambia.

Akacheka, akaenda kufungua dirisha. Ukungu ukaingia, na mimi nikainuka kukifunika kile kidole cha mguu, maana kilikuwa nje ya blanketi, kama kawaida.

Ukucha ulikuwa mwekundu.

Si wekundu wa damu, wala si wa hina. Wekundu wa sanduku lile, unang'aa, umetulia, hauna hata alama ya brashi.

"Hidaya, umempaka babu yako rangi ya kucha?"

"Mimi! Bibi, mimi mwenyewe sina. Hebu tazama." Akanionyesha kucha zake, tupu. Akainama, akausugua ukucha ule kwa kidole. Akausugua kwa mate. Akaleta kitambaa chenye mafuta ya taa. Haukutoka.

Mkoromo ukakatika. Mzee Shechambo akafungua jicho moja, akainua kichwa, akatutazama mimi na Hidaya tumeshika mguu wake. Akautazama ukucha. Aliutazama kwa muda, kichwa upande, kama alivyokuwa akitazama kuta za watu.

"Mkono mmoja tu," akasema. "Fundi gani huyu anapiga mkono mmoja halafu anaondoka?"

Akaunyoosha mkono kuomba uji.